Roland Garros hakuwa mcheza tenisi, alikuwa rubani wa vita (jibu refu kidogo, vumilia)

Msomaji mmoja ameniuliza hivi: "Mkuu habari za leo. Kila mwaka ikifika mwezi wa tano naangalia tenisi ya Ufaransa na watangazaji hawaishi kusema Roland Garros, Roland Garros, mimi siku zote nilijua ni bingwa wa tenisi wa zamani. Juzi shemeji yangu kanicheka, anasema huyo alikuwa rubani wa ndege za kivita, tena ndo alogundua kupiga risasi katikati ya propela, na eti aliligonga dege la Zeppelin la Wajerumani likaanguka. Ni kweli? Na kama ni kweli alitungua ndege ngapi mpaka apewe uwanja mzima?"

Shemeji yako kapatia kwa sehemu kubwa, ila kwenye Zeppelin kakuingiza chaka, na hata hilo la kugundua lina maelezo yake. Garros alikuwa rubani. Tenisi aliicheza kama wewe na mimi tunavyocheza draft, kujifurahisha tu, hana taji lolote. Na ndege alizotungua zilizothibitishwa ni 4. Ndiyo, nne. Mfaransa mwenzake René Fonck alimaliza vita ana 75, Georges Guynemer alikufa ana zaidi ya 50, na ili uhesabiwe kwenye kundi la mafundi wa angani ilibidi ufikishe 5, kwa hiyo Garros kwa hesabu hiyo hata mlangoni hakufika. Ukiona sehemu wamemuandika kama bingwa wa kutungua ndege ujue aliyeandika hajahesabu. Mimi kwa maoni yangu ukimpima Garros kwa idadi ya ndege utakuwa hujamuelewa kabisa, huyu alikuwa ni mtu wa kutatua tatizo ambalo wenzake wote walikuwa wanalikwepa, na alipolitatua anga la vita halikurudi tena kuwa vile lilivokuwa.

Twende taratibu.

Kwanza huyu ni mtoto wa Bahari ya Hindi hii hii yetu. Alizaliwa 6 Oktoba 1888 Saint-Denis, mji mkuu wa kisiwa cha Réunion, kile kilichopo mashariki ya Madagascar jirani na Mauritius, wakati huo koloni la Ufaransa na mpaka leo bado ni sehemu ya Ufaransa. Ukishuka na ndege Réunion leo unashukia uwanja wa ndege wa Roland Garros, kwa hiyo watu wa visiwa vile hawana huo mkanganyiko wa tenisi, kwao jina hilo ni la airport. Baba yake alikuwa mwanasheria, akahamishia familia Saigon, Vietnam ya leo, mtoto akiwa bado mdogo, halafu akiwa na miaka kama 11 au 12 wakampakia meli kwenda kusoma Paris, peke yake. Huko akaugua nimonia mbaya, ikabidi apelekwe Cannes kwenye jua kupata nafuu, na dawa iliyomponya kwa maelezo yake ilikuwa ni baiskeli. Alikazana na baiskeli mpaka mwaka 1906 akashinda ubingwa wa shule za Ufaransa, na alishiriki kwa jina la bandia la Danlor, ambalo ni Roland limegeuzwa geuzwa herufi, ili mzee asijue mtoto aliyetumwa kusoma yuko barabarani anafukuzana na wenzake. Ujanja wa boarding upo duniani kote.

Shule hata hivyo alimaliza, tena alisoma HEC, chuo cha biashara cha Paris chenye jina kubwa mpaka leo. Hapo chuoni kulikuwa na rafiki yake anaitwa Emile Lesieur, mcheza raga wa timu ya taifa, na huyu ndo aliyempeleka kwenye klabu ya michezo ya Stade Français. Shika hilo jina Lesieur, tutalihitaji mbele. Baada ya chuo akafungua duka la magari karibu na Arc de Triomphe akiwa na miaka 21, biashara ikaenda vizuri tu, angeweza kuishia hapo tajiri na kitambi.

Ila Agosti 1909 akaenda Reims kuangalia maonyesho makubwa ya ndege, ambayo ndo yalikuwa ya kwanza ya aina yake duniani, na kutoka pale magari yakamtoka kichwani. Akanunua ndege ya kwake, Demoiselle, kitu kidogo mno cha mianzi na kitambaa kilichobuniwa na Mbrazili Santos-Dumont, unakaa chini ya mbawa matako yako karibu na nyasi. Alijifunza nayo, na mwaka 1910 akapata leseni namba 147 ya klabu ya anga ya Ufaransa. Akaenda Marekani na kundi la marubani wa maonyesho, wakazunguka mpaka Mexico na Cuba wakirushia watu ndege kwa kiingilio, yaani sarkasi kabisa. Kazi ile iliua watu wengi, ila iliyemuacha hai ilimuacha anajua kila tabia ya ndege.

Kurudi Ulaya mwaka 1911 akawa mtu wa namba mbili. Paris mpaka Roma, wa pili. Mzunguko wa Ulaya, wa pili tena, nyuma ya mtu yule yule Jean Conneau, ofisa wa jeshi la majini aliyekuwa anarukia jina la Beaumont. Mkosi ukavunjika Juni 1912 kwenye mashindano ya Anjou ambako hali ya hewa ilichafuka mpaka marubani wengi wakasusa, Garros akaruka kwenye upepo na mvua akabeba zawadi. Halafu akahamia kwenye rekodi za kupanda juu, na Desemba 1912 huko Tunis akafika mita 5,610, karibu usawa wa kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, tofauti ni kama mita 285 tu, akiwa kwenye ndege ya wazi, bila chumba, uso wote upo nje na barafu inamsugua.

Lakini lililompa jina kabla ya vita ni kuvuka bahari ya Mediterania, 23 Septemba 1913. Aliondoka Fréjus kusini mwa Ufaransa saa 11:47 alfajiri kwa saa zetu, akapita Corsica, akapita Sardinia, akatua Bizerte, Tunisia saa 7:40 mchana. Saa 7 na dakika 53 angani, zaidi ya kilomita 700 na sehemu kubwa ni maji matupu, ndege ya Morane-Saulnier ya magurudumu ya kawaida, siyo ile ya kuelea, kwa hiyo injini ikizima unakunywa chumvi. Na injini ilitaka kuzima kweli, karibu na Corsica akasikia chuma kimekatika mbele yake na injini ikaanza kutikisika, ikatulia kidogo akaendelea. Alibeba petroli lita 200, na alipotua inasemekana zilibaki lita 5. Hapo nakuomba uangalie pia oili aliyobeba: lita 60, na hiyo oili ni mafuta ya nyonyo, haya haya bibi zetu waliyokuwa wanatunywesha tumbo likifunga. Injini za wakati ule zilikuwa za kuzunguka zenyewe, yaani silinda zote zinazunguka pamoja na propela, na oili haikurudi kwenye tenki, ilitumika na kurushwa nje, kwa hiyo rubani alikuwa anavuta moshi wa nyonyo usoni saa zote anazokuwa angani. Matokeo yake tumboni nakuachia mwenyewe. Ila tayari mtu alishatoka Ulaya akatua Afrika kwa ndege bila kusimama popote, na alikuwa wa kwanza.

Baada ya hapo akawa staa. Alinunua gari la Bugatti la injini ya lita 5 mwaka huo huo, akawa rafiki mkubwa wa Ettore Bugatti mwenyewe, mpaka Bugatti alipopata mtoto wa kiume baadaye akampa jina la Roland.

Sasa vita. Agosti 1914 Garros akajiandikisha kwa hiari, akapangwa kikosi cha 23 kilichokuwa na ndege za Morane-Saulnier. Hapa ndo kuna hadithi ya shemeji yako. Siku za mwanzo tu za vita magazeti yaliandika kwamba rubani wa Kifaransa kalivamia Zeppelin, yaani lile dege la gesi la Kijerumani, kwa ndege yake wakafa wote, na jina la Garros likabandikwa humo. Haikutokea. Yalikuwa ni maneno ya kuwapa watu moyo vita ikianza, na uthibitisho mzuri ni kwamba marehemu alikuwa anakula chakula cha mchana kambini. Shida ni kwamba vitabu vingine viliinakili hiyo stori miaka na miaka ndo maana bado inazunguka.

Ukweli wa angani mwaka 1914 ulikuwa unachekesha kidogo. Ndege zilikuwa za upelelezi, unaruka juu ya mahandaki unaangalia mizinga ya adui iko wapi unarudi kuripoti. Ukikutana na ndege ya adui mnatupiana risasi za bastola au bunduki ya mkono, na wengine walipungiana mikono tu. Kutungua ndege nyingine ilikuwa ni bahati. Kila mtu alijua dawa ni kufunga bunduki ya rashasha, ila uifunge wapi? Ndege zenye kasi zilikuwa na injini na propela mbele. Ukiifunga pembeni au juu ya mbawa unapata shida ya kulenga na hata ya kuikoki ikikwama. Mahali pazuri kuliko pote ni mbele ya uso wa rubani, ili unapoelekeza pua ya ndege ndiko risasi ziende, rubani mmoja anaendesha na kulenga kwa mwendo mmoja. Tatizo, mbele ya uso wako kuna propela inazunguka. Washa feni ya dari speed ya mwisho halafu urushe kokoto katikati ya panga zake bila kugusa hata moja, utaelewa walichokuwa wanaogopa, na hapo kokoto ni risasi na panga ni mbao, ikikatika moja injini nzima inang'oka.

Raymond Saulnier, mmoja wa wenye kiwanda cha Morane-Saulnier, alishaanza kuhangaika nalo kabla ya vita. Wazo lake la kwanza ndo lililokuwa sahihi: tengeneza mtambo unaounganisha bunduki na injini ili bunduki ifyatue pale tu panga la propela likiwa halipo mbele ya mtutu. Shida ikawa risasi zenyewe. Risasi za wakati ule hazikuwa na usawa, nyingine inalipuka papo hapo, nyingine inachelewa sehemu ndogo sana ya sekunde, na hiyo sehemu ndogo inatosha panga kurudi pale. Propela zikawa zinatobolewa kwenye majaribio.

Ndipo ikaja njia ya pili, ya kibabe. Kama risasi nyingi zinapita salama na chache tu ndo zinagonga, basi acha zigonge, ila zikute chuma. Wakafunga kabari za chuma kwenye kila panga la propela, mahali hasa panapokuwa usawa wa mtutu, kabari ina ncha kama ya jembe la pembe tatu inayoigawa risasi ipige kona kwenda pembeni. Garros alitoka mstari wa mbele akaja kulifanyia kazi jambo hili kiwandani, na fundi wake Jules Hue ndo aliyekaa nalo mpaka likakubali, kwa kupunguza upana wa propela pale kabari inapofungwa na kuzifunga vizuri zisiruke. Propela ilipoteza nguvu kidogo, na kila risasi iliyogonga kabari ilituma mshtuko mpaka kwenye krenkishafti, kwa hiyo mfumo huu ulikuwa unajiua wenyewe taratibu. Ukimuuliza injinia yeyote leo atakwambia ni lipu juu ya nyufa. Ila ulifanya kazi, na vitani kinachofanya kazi leo ni bora kuliko kizuri cha mwaka kesho.

Mwanzoni mwa 1915 akarudi mstari wa mbele, safari hii kikosi cha 26 kilichokuwa Saint-Pol karibu na Dunkirk, na Morane yake yenye rashasha ya Hotchkiss na propela yenye kabari. Tarehe 1 Aprili 1915 akakutana na Albatros ya Kijerumani ya watu wawili. Jiweke kwenye viti vya wale Wajerumani. Wanaona ndege ya Kifaransa inakuja inawaelekezea pua moja kwa moja, na kwa uzoefu wao wote ndege inayokuja kwa pua haina madhara, kwa sababu haiwezi kupiga kupitia propela yake. Hawana sababu ya kukimbia. Halafu pua ile inaanza kutema moto. Albatros ikawaka ikaanguka. Tarehe 15 akatungua ya pili, tarehe 18 ya tatu. Ndani ya siku 18 upande wa pili ukawa na hofu ya kila ndege ya Morane wanayoiona bila kujua ni ipi ina kile kitu.

Na jioni ya hiyo hiyo tarehe 18 mambo yakaharibika. Akiwa nyuma ya mstari wa Wajerumani huko Ubelgiji, injini ikazima. Wajerumani walisema ni askari wao wa ardhini walimpiga kwenye mfumo wa mafuta, wengine wanasema mrija wa mafuta uliziba wenyewe. Vyovyote vile ilibidi atue kwenye shamba la adui. Akawasha moto ndege yake haraka, akajificha, wakamkamata. Moto haukumaliza kazi. Propela yenye kabari na bunduki yake vikabaki vinatambulika, na Wajerumani wakavibeba.

Hapa nataka nisimame kidogo kwa sababu ndo penye uzito. Wajerumani walijaribu kuiga kabari, ila risasi zao zilikuwa na ganda gumu kuliko zile za Wafaransa na zilikuwa zinavunja vunja kila kitu. Kazi ikafika kwa Anthony Fokker, Mholanzi kijana aliyekuwa anawatengenezea ndege, na badala ya kuiga kabari timu yake ikarudi kwenye lile wazo la kwanza, mtambo wa kuunganisha bunduki na injini. Fokker baadaye alisimulia kama vile alikaa siku mbili akagundua kila kitu peke yake, mimi hiyo siinunui, mafundi wake walifanya kazi kubwa na injinia Franz Schneider alishasajili wazo la namna hiyo Ujerumani tangu 1913. Katikati ya 1915 ndege ya Fokker Eindecker ikaingia vitani na bunduki inayopiga kati ya panga bila kugusa, akina Max Immelmann na Oswald Boelcke wakajijengea majina nayo, na kwa miezi kadhaa mpaka mwanzoni mwa 1916 marubani wa Uingereza na Ufaransa walikuwa wanapukutika. Na kichekesho chenyewe, hiyo Eindecker umbo lake lilitokana na ndege ya Morane-Saulnier ambayo Fokker aliichunguza kabla ya vita. Kwa hiyo jibu kwa shemeji yako: Garros hakugundua mtambo wa kusawazisha bunduki na propela, yeye ndo mtu wa kwanza kutungua ndege ya adui kwa rashasha inayopiga mbele kupitia propela, kwa njia ya kabari, na kukamatwa kwake kukawasukuma Wajerumani waharakishe njia bora zaidi. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, eti kwa nini aliruka na siri ile nyuma ya mstari wa adui. Lawama nyepesi hizo. Vita yenyewe ilikuwa upande ule, angeitumia wapi?

Alikaa mateka karibu miaka mitatu. Wajerumani walijua wamemkamata nani, wakawa wanamhamisha kambi hadi kambi asizoee. Alijaribu kutoroka mara kadhaa ikashindikana. Kuna kisa kinasimuliwa sana kwamba marafiki walimtumia raketi mbili za tenisi ambazo mipini yake ilikuwa na uwazi ndani, mmoja una ramani ya Ujerumani na mwingine una kofia laini ya pama iliyokunjwa, na kama ni kweli basi hapo ndo mahali pekee ambapo tenisi ilimsaidia.

Kilichofanikiwa ni cha Februari 1918 huko Magdeburg, akiwa na mwenzake Luteni Anselme Marchal. Huyu Marchal naye si mtu wa kupitwa kirahisi, mwaka 1916 aliruka peke yake kutoka Nancy usiku, akamwaga vipeperushi juu ya Berlin, akaendelea kuelekea kwa Warusi na akalazimika kutua kama kilomita 100 tu kabla ya kuwafikia, ndo akakamatwa. Muhimu zaidi, alikuwa anaongea Kijerumani kama mwenyeji. Wakajishonea sare za maofisa wa Kijerumani kwa vitambaa vya kuungaunga, wakasubiri kagiza, wakatembea kuelekea getini kama wenye mji. Sare zile ukiziangalia mchana zingewaumbua. Mlinzi alipotaka kuwauliza, Marchal akamshukia kwa makelele ya kiofisa kwa Kijerumani safi, na mlinzi aliyefundishwa maisha yake yote kuogopa ofisa anayefoka akasimama wima akawaacha wapite. Wakabadilisha nguo, wakapanda treni za kawaida kuvuka Ujerumani, wakaingia Uholanzi ambayo haikuwa vitani, London, hatimaye Paris.

Hapa ndo sehemu ambayo mimi huwa inaniuma. Serikali ilitaka abaki nyuma awe mshauri wa ufundi, na Clemenceau, waziri mkuu, mwenyewe hakutaka arudi mstari wa mbele. Na alikuwa na kila sababu ya kukubali. Afya ilishuka, na macho yalikuwa yameharibika kifungoni, alikuwa haoni mbali vizuri, akawa anatumia miwani kwa siri asije akazuiwa kuruka. Fikiria rubani wa kivita asiyeona mbali. Na anga lenyewe alilolijua yeye halikuwepo tena. Yeye aliondoka wakati mtu anaruka peke yake kuwinda, akarudi watu wanaruka kwa makundi yenye mpangilio, ndege ni SPAD XIII yenye rashasha mbili zilizosawazishwa na propela kwa mtambo, na vijana ambao 1915 walikuwa bado shule ndo walimu wake. Akakubali kwenda kuanza darasa upya. Kisha akarudi kikosi chake cha 26, ambacho sasa kilikuwa kwenye kundi la vikosi lililoitwa Korongo, lile lile la kina Fonck.

Tarehe 2 Oktoba 1918 akadai ndege mbili, akathibitishiwa moja. Hiyo ndo ya nne. Siku tatu baadaye, tarehe 5, karibu na Vouziers huko Ardennes, wakakutana na Fokker D.VII za Kijerumani, ndege bora kabisa ya Ujerumani kwa wakati ule. Garros akaachana na kundi lake akawaendea. Ndege yake ilionekana ikipasuka angani. Wanaofuatilia mambo haya wengi wanampa ushindi huo Mjerumani Hermann Habich. Ilikuwa bado siku moja Garros atimize miaka 30, na bado wiki tano vita isimame. Kazikwa huko huko Vouziers.

Sasa tenisi. Mwaka 1927 Wafaransa wanne waliokuwa wanaitwa Masketia, yaani René Lacoste, Jean Borotra, Henri Cochet na Jacques Brugnon, walikwenda Philadelphia wakawanyang'anya Wamarekani kombe la Davis, lile la tenisi la timu za mataifa. Mwaka unaofuata ilibidi Wamarekani waje Paris kulitafuta, na Paris haikuwa na uwanja wa kubeba umati wa namna ile. Klabu ya Stade Français ikatoa eneo Porte d'Auteuil kwa masharti, na kwenye klabu mwenye sauti wakati huo ni nani? Emile Lesieur, yule mcheza raga wa HEC. Sharti lake likawa uwanja upewe jina la rafiki yake aliyekufa vitani, mwanachama wa klabu, la sivyo hakuna ardhi. Uwanja ukafunguliwa 1928, Ufaransa ikashinda tena, jina likabaki. Hakuna aliyekaa akahesabu ndege zilizotunguliwa wala mataji ya tenisi, ni mtu na rafiki yake wa chuo miaka 10 baada ya msiba.

Kuna jambo moja kuhusu uwanja ule ambalo siku hizi hulisikii watangazaji wakilitaja. Vita ya pili ilipoanza 1939 serikali ya Ufaransa iliugeuza kuwa kambi ya kuwafungia wageni waliowatilia shaka, wengi wao wakiwa ni watu waliokimbia utawala wa Hitler, wakilala chini ya majukwaa. Uwanja wenye jina la mtu aliyetoroka kambi ya mateka.

Mwisho, kombe lenyewe jina lake la kawaida ni mashindano ya wazi ya Ufaransa, Roland Garros ni jina la uwanja ambalo limemeza la mashindano, kwa hiyo ukiwa unabishana na shemeji yako mwaka kesho hapo wote mko sahihi. Ila la Zeppelin usimuachie.